Mkono Mmoja Kichwani

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Keringet. Nitasema ukweli, hata kama wengine mtaangalia chini.

Mwanangu Kiprono alizaliwa hasikii, na mkono wake wa kulia haunyanyuki. Mlisema ana pepo bubu. Mkamkemea hapa mbele ya kanisa mpaka akajikojolea kwa hofu. Halafu mkamshauri mama mkwe amfunge kamba kwenye nguzo ya nyumba wakati mimi nachuma maua ya pareto shambani kwa mzungu.

Siku moja akafungua fundo kwa meno, akanifuata shambani. Ni wakati wa Hali ya Hatari, askari wako njiani wakisaka waasi. "Simama! Mikono juu!" Mtoto anatembea tu. Ndugu zangu, nilisikia bunduki ikikokiwa. Nikakimbia na kikapu mgongoni, maua yakimwagika, nikamlalia kumkinga.

"Mama, huyu ni kiziwi ama ni jeuri?"

"Ni kiziwi, afande."

"Basi siku nyingine utamzika. Mimi nitajuaje?"

Tangu hapo, gari la askari likipanda kutoka Molo, namvuta Kiprono nyuma yangu.

Nikasikia kuna darasa dogo la misheni kule Nakuru, la watoto kama yeye. Mama mkwe akacheka. "Sasa mbuzi wangu pia utampeleka shule?" Tukapanda lori la viazi.

Mwalimu wa pale hakumkemea. Aliketi sakafuni mbele yake, akamshika mkono ulio mzima. "Mama, mtoto ana macho. Tutaanzia hapo." Akamfundisha kwa ishara. Ya kwanza niliiomba mimi: ukiona kiganja kimeinuliwa, keti chini, mkono wa kushoto kichwani.

Likizo ilipofika nikaenda kumchukua. Tulikuwa tunarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Askari akatokea kwenye kona, akapiga kelele, bunduki imeelekezwa. Nilikuwa mbali mno kumfikia. Niliweza kuomba tu. Kisha askari akainua kiganja.

Kiprono akaketi kwenye tope, mkono mmoja kichwani, akimtazama usoni.

"Huyu amefundishwa na nani?"

"Ana mwalimu," nikasema. Tukapita.

Mpaka leo hasikii, na mimi bado naogopa. Lakini yu hai, na ninamshukuru Mungu aliyetuonyesha mlango ule.

Nyinyi mliowaficha watoto kama yeye nyuma ya nyumba, nawajua. Mtegemeeni Mungu, mkate kamba. Lori la Nakuru linaondoka Jumatatu asubuhi. Nitakaa nanyi kule nyuma, juu ya magunia.