Supu ya Mkesha Wangu

Acha jembe hilo, Hilarion, nawa mikono uje ukae hapa, nawe Roselise keti ukingoni mwa kitanda ila usiniegemee mguu, maana nina maneno ya mwisho na pumzi ya kuyarudia sina. Mwili umelala, masikio hayajalala. Tangu asubuhi nasikia mtu anachimba magimbi nyuma ya jiko, na najua ni ya supu ya mkesha wangu. Mwanangu, hata kufa sijafa, umeshanitayarishia sufuria. Kwa hilo sikulaumu. Ninalokulaumu ni kwamba umeyachimba palepale nilipokukataza mpaka koo likanikauka.

Nisikilizeni, wanangu. Kabla shamba hili halijawa letu lilikuwa la tajiri wa ndizi, na baba yenu Saturnin alikuwa kibarua wake, akitembea na ndoo huku akichota unga mweupe kwa mkono mtupu na kuumwaga kwenye shina la kila mgomba, fukusi wasile mizizi. Klordekoni, ndivyo ulivyoitwa. Fukusi walikufa, unga haukufa. Ndizi zenyewe zilitoka safi zikapanda meli kwenda Ufaransa, sumu ikabaki Guadeloupe pamoja nasi, ndani ya udongo ambao tajiri alipouchoka baba yenu aliuchukua kwa furaha, akanichezea kwata hapo uani kama askari. Kisha akaugua tezi dume. Daktari hakuapa kwamba ni unga ule, wala mimi siapi, lakini nilimwosha mwenyewe mwishoni, alikuwa mwepesi kama mtoto, na bado nina uchungu.

Watu wa vipimo walikuja, mliwaona. Walichukua udongo, wakachukua na mayai ya kuku wanaochakura humo, wakatuambia vyote viwili vina sumu. Magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, kila kinachonenepea ardhini kinainywa, na hakuna kuosha wala kuchemsha kutakakoitoa. Kinachoning'inia juu mtini hakina neno. Je, hapo kuna fumbo gani? Hilarion akaniambia, "Mama, mvua yote hii imeshaosha." Mvua ingekuwa inaosha hivyo, mwanangu, ingeanza na kichwa chako.

Na wewe, Roselise. Umerudi kutoka Paris na mimba yako, unasoma karatasi ya kila biskuti herufi kwa herufi, umemwaga sharubati ya dukani kwa sababu ya rangi, na sikukupinga, huenda una haki. Halafu unakwenda nyuma ya jiko unang'oa gimbi, unalila na kuniambia, "Hiki ni chakula cha asili, Mama, kinaongeza damu." Udongo wetu ungebandikwa karatasi kama biskuti, wewe ungelikimbia gimbi hilo hadi kanisani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Chetu kimo sahanini, na tunakiombea baraka kabla ya kukila. Sumu hiyo humfikia mtoto tumboni, inaweza kumchelewesha akili na viungo. Lakini walisema pia kwamba mtu akiacha kula, damu hujisafisha kidogo kidogo. Basi acha. Acha leo. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sasa mbona anayekufa ni mimi, na masikio ya kufa ni yenu?

Shamba nawaachia wote wawili, msiligawe. Pandeni mishelisheli, michungwa, miparachichi. Kuku wajengewe banda la sakafu ya mbao. Na kama mnatamani viazi vikuu, pandeni kwa shemeji yangu Gédéon kule mlimani ambako mgomba haukupata kupandwa. Najua hatujasemezana naye tangu ule ugomvi wa mpaka. Mwambieni kwamba mimi, Eudoxie, nimesema mpaka uwe pale anapopataka yeye, mzee king'ang'anizi yule, mradi awape kipembe cha udongo safi. Nimeshindwa, mwambieni hivyo hivyo, atafurahi sana, ila asiringe mazikoni.

Supu ya mkesha ipikwe kwa shelisheli na nyama ya kununua. Watu watasema mazishi gani haya hayana hata gimbi. Waseme. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi sitaki kuwalisha majirani zangu janga kwa mkono wa maiti.

Nipe maji... Hapo, yametosha.

Roselise, sogeza tumbo niliguse. Mungu akulinde, wewe uliyemo humo, uje na akili kuliko hawa. Hilarion, Mungu akupe mikono ya baba yako, na afya ambayo hakuipata. Pendaneni. Msiuze.

Yale magimbi uliyochimba yafukie yote, bakiza moja. Lichemshe kwa chumvi na pilipili, uniletee. Usinitazame hivyo. Nimelila tangu sijaota meno, na mimi haliniwezi tena, nimeliwahi. Roselise, chumvi usionje, nitaila vyovyote ilivyo. Tangu niwazae sijamaliza sahani bila kuwamegea... hata ile njaa ya baada ya kimbunga, niliwamegea... Leo sitawamegea.

Funga mlango wa jiko, harufu isije ikawatamanisha. Leteni kijiko... kimoja tu.