Dakika Mbili za Mwisho: Wasifu wa Dada Yetu, Fundi wa Sauti

Dada yetu mpendwa, ambaye ndugu, majirani na wenzake wa kazi walimwita Nyamazeni, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1969 katika nyumba ya wazazi, nyuma ya posta. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, mpiga filimbi, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Humu atatajwa kama mdogo wake, maana akianza kusema "mimi" hatafika mwisho.

Jina la Nyamazeni alilipata akiwa na miaka sita. Sebule ilijaa wageni, kila mmoja anasema lake, mara mtoto akainua mkono: "Hebu nyamazeni kidogo, kuna kitu kinadondoka." Watu wazima wakaangua kicheko. Kesho yake fundi bomba alibomoa ukuta wa jikoni akakuta bomba linavuja, na tangu siku hiyo mtoto yule akisema tunyamaze, tulinyamaza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja. Mwalimu wake wa karakana aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba ana bidii ila ni mbishi. Marehemu aliitunza ripoti hiyo kama cheti.

Mwaka 1990 aliajiriwa redioni kama fundi mitambo. Nyuma ya jengo la redio palikuwa na kijana wa kuchomelea mageti, na mlio wa mashine yake ya kukatia chuma ulikuwa ukiingia hadi kwenye taarifa ya habari. Marehemu alishuka kugomba. Kijana akamuuliza, "Sasa dada, mimi nile nini?" Wakapatana awe anazima mashine dakika kumi kila saa nne asubuhi. Zile dakika kumi wakawa wanakunywa chai pamoja. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2004 aliacha redio akafungua studio yake katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, kuta zote zimezibwa kwa magodoro. Akirekodi, alizima friji ya jikoni ili ngurumo yake isiingie kwenye kazi, na funguo za gari akaziweka ndani ya friji hiyo, ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mama mkwe wake alipozikuta funguo juu ya nyama, alimwita mwanawe pembeni akamwambia kwa upole, "Mkeo apumzike kidogo, mwanangu."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni filamu moja ya mwaka 2012. Haikuwa na kampuni nyuma yake. Mwongozaji wake alikuwa mwalimu wa hesabu, waigizaji walikuwa majirani, na sauti yote, kuanzia maneno na nyayo hadi mlio wa mlango, aliitengeneza marehemu katika chumba kile kwa miezi mitano. Ilihusu mjane anayehama nyumba aliyoishi miaka arobaini. Katika onyesho la mwisho mjane anafunga mlango, anakaa kwenye ngazi, basi. Hapo ulitakiwa wimbo wa filimbi, na marehemu akampa kazi hiyo mdogo wake. Aliutunga kwa wiki tatu, wakaurekodi mara kumi na saba.

Alipofika kwenye kuchanganya sauti, marehemu aliona kwamba wimbo ule, kwa uzuri wake wote, unawaambia watu walie kabla hawajajisikia kulia. Akauondoa. Mwongozaji alimsihi amwambie mdogo wake mapema. Yeye akashikilia kwamba mdogo wake aisikie filamu kwanza, ndipo waongee. Hapo alikosea, na alikuja kukiri kwa mumewe kwamba alikosea.

Filamu ilionyeshwa tarehe 7 Septemba 2012 katika ukumbi wa chuo. Mdogo wake alikuja na wanafunzi wake kumi na wawili wa muziki, amewapanga mstari wa mbele. Mjane alipofunga mlango na filimbi isilie, mdogo wake alisimama. "Twendeni," akawaambia. Marehemu alimwahi mlangoni.

"Ngoja iishe basi."

"Iishe nini? Wimbo wangu uko wapi?"

"Rudi ukae. Dakika mbili tu, nakuomba."

"Kaa wewe."

Baada ya hapo, kwa miaka kumi na moja, walikutana harusini na misibani, wakasalimiana kwa adabu, wakaulizana hali ya mama. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Kwa ukaidi, ndugu hawa walitoka tumbo moja kwelikweli.

Mwezi Mei 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alilazwa mara tatu, na mara ya mwisho, Januari 2024, mdogo wake alikwenda kumwona kila siku. Waliongea habari za paa la mama linalovuja. Alasiri moja marehemu alimuuliza, "Ile filamu, uliwahi kuimalizia?" Mdogo wake hakuwa ameimalizia. Aliona haya, akajibu, "Niliimaliza zamani." Marehemu akasema, "Haya," akageukia dirishani. Alifariki tarehe 3 Februari, saa tisa mchana, mumewe akiwa kando yake.

Siku mbili baadaye, wakitafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii ya mazishi, shemeji, mume wa marehemu, alimtolea mdogo wake nakala ya filamu. Wakakaa wawili wakaitazama yote. Mjane alifunga mlango, akakaa kwenye ngazi. Skrini ikawa nyeusi. Kisha, katika giza lile, ikasikika pumzi ya mtu anayejiandaa kupuliza filimbi. Ilikuwa pumzi ya mdogo wake. Alivuta, akaishika, na filamu ikaisha hapo, kabla ya noti ya kwanza. Jina la kwanza kutokea baada ya pumzi hiyo lilikuwa la mdogo wake.

Shemeji alisema marehemu alizisikiliza zile mara kumi na saba zote kwa wiki nzima akichagua pumzi moja. "Alijua ukiisikia tu utaelewa," akasema. Naye dada yetu amekufa akiamini kwamba mdogo wake aliisikia, akaelewa, na hakuwa na la kusema.

Marehemu ameacha mama, mume, binti na mwana, mjukuu mmoja wa kike, na mdogo mmoja aliyetoka ukumbini mapema. Dada, sikuimaliza. Nilikudanganya. Ni nzuri mno.

Lala kwa amani, Nyamazeni. Tumenyamaza.