Dalia za Mzee Taratibu Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, madaktari na wauguzi wenzangu, ndugu zetu wa jikoni, wa kufulia na wa getini, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mzee Taratibu, ambaye leo tumekufunga tai mpaka unapumua kwa hesabu: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi nimuage mtunza bustani wetu. Walionitangulia wamesifu ukoka na ua wa michongoma, na wamesema kweli. Mimi nitasema habari ya dalia, kwa sababu mmezoea kuziona madirishani kila msimu wa baridi, nyekundu na za zambarau, mkadhani zilikuja na jengo. Hazikuja na jengo. Zilikuja na mama yangu, na nusura niziue mimi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, baba alipofariki, nilimtoa mama milimani, kwenye ukungu na baridi, nikamleta kwangu huku kwenye joto. Hakutaka. Nilimwambia, "Mama, huwezi kubaki peke yako," nikaufunga mlango wa nyumba yake kwa mkono wangu. Alibeba kikapu kimoja tu, ndani yake viazi kumi na vinne vya dalia. Maana dalia, kwa asiyejua, huota kutoka kwenye mzizi mnene kama kiazi. Alipofika akaketi, akaugeukia ukuta, akanyamaza. Kikapu kikakaa jikoni. Viazi vikasinyaa, sisimizi wakaingia, na mimi nilikuwa nimechoka na nimeudhika. Asubuhi moja nikakibeba kuja nacho kazini, nikakitupe kwenye shimo la taka.

Hapo shimoni ndipo nilipomkuta mzee huyu na toroli lake.

"Sista, unatupa nini?"

"Viazi vya maua. Kila mtu anasema huku haviwezi kuota."

Akakigeuza kimoja mkononi, polepole, kama afanyavyo kila kitu. "Kila mtu ameshajaribu?"

Akakichukua kikapu.

Sasa, ndugu zangu, mnadhani alifanikiwa? Alipanda saba, akavimwagilia kila siku kwa huruma, na baada ya wiki tatu vyote vikawa uji. Mtu mwingine angejifanya hajui. Yeye aliuliza kwangu ni wapi, akaja Jumamosi, akapiga magoti mbele ya mama, ambaye kwa miezi minne hakuwa amefungua kinywa, akamwekea kiazi kilichooza mapajani.

"Mama, nimeviua. Niambie nimekosea wapi."

Nilitaka kumfukuza, nguo ya mama inachafuka! Mama akakitazama kile kiazi. Akakinusa.

"Vilikuwa vimechipua?"

"Bado, mama."

"Sasa hayo maji ulikuwa unamnywesha nani?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika trei ya chai. Ilibidi niiweke chini.

Tangu siku hiyo wakawa wanagombana kila Jumamosi. Vile saba vilivyobaki vilipandwa bila maji mpaka chipukizi zikatokeza. Zikapanda hadi magotini, tukafurahi, kisha jua la saa nane likayababua majani, na vitumba vikakauka kabla ya kufunguka. Tulipovichimbua viazi, vitatu tu vilikuwa vizima. Mama akasalimu amri: "Kwetu hili halijatokea. Akili yangu imefika mwisho."

"Basi sasa ni zamu yangu," mzee akasema. "Baridi unaijua wewe, jua nalijua mimi."

Akaizunguka hospitali nzima akichomeka vijiti ardhini, aone kivuli kinafika wapi na saa ngapi. Ndipo akapata nyuma ya chumba cha kufulia: jua lote la asubuhi, na kuanzia saa saba ukuta unaleta kivuli. Akachanganya udongo na samadi na mchanga ili maji yasituame. Akasubiri joto kali lianze kupungua ndipo akapanda, ili maua yaje miezi ya baridi. Akatandaza nyasi kavu juu ya udongo, na mimea ilipokua akaimwagilia alfajiri mara mbili tu kwa wiki, lakini maji mengi, yazame chini. Majani yalipofika jozi nne, mama, ambaye sasa nilimleta na kiti chake, akamwamuru akate ncha. Mzee wetu karibu alie.

"Kata! Mmea utoe matawi!"

Akakata, amefumba macho. Nadhani ndilo jambo pekee alilowahi kulifanya haraka.

Ua la kwanza lilifunguka siku ya Jumanne, jekundu, dogo kama mdomo wa kikombe. Mama akalishika kwa vidole viwili.

"Kadogo."

"Kadogo, mama, lakini kamefika."

Kisha mama, bila kunitazama, akasema, "Nilikuwa dirishani siku ile. Nilikuona unakibeba kikapu."

Mzee hakuwahi kumwambia. Akaegemea jembe lake, akasema, "Mama, alikileta kwangu."

"Alikileta, au ulimpokonya?"

"Alikileta kwangu."

Ndugu wageni waalikwa, mimi ni mtu wa kutoa amri wodini, lakini siku ile sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Mama, nilikuwa nakwenda kuvitupa. Na nyumba yako niliifunga bila kukusikiliza. Nisamehe."

Mashine za kufulia zilikuwa zikinguruma nyuma ya ukuta. Mama akaninyooshea mkono. "Ninyanyue, nikaone na ile mimea mingine."

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kugombana tuligombana sana. Kununiana, hata siku moja.

Mzee Taratibu, unakwenda kuishi kwa binti yako, mji unaosemekana una joto kuliko hapa. Umetuachia makreti matatu ya viazi kwenye mchanga mkavu, na dada wa kufulia umemfundisha mpaka amekuchoka. Kreti la nne ni lako. Jana nilikuuliza kama huko dalia utaziweza, ukanijibu bila haya mbele ya wauguzi vijana: "Sijui, Matroni. Nitaua chache kwanza, halafu nitatafuta wa kumuuliza."

Nenda ukaulize, mzee wangu. Mama yangu anakushukuru, nami nakushukuru. Nanyi nyote mlionivumilia na joto hili, asanteni sana kwa kunisikiliza.