Mwalimu Sostenes Mageni, Kocha wa Mabeki

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Sostenes Mageni anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, ishirini na sita kati yake hapa Chuo cha Ualimu Nyamalulu, Geita. Darasani alifundisha hisabati. Sisi wa uwanjani tunamjua kama kocha wa mabeki.

Alianza kazi mwaka 1994 katika shule ya sekondari jirani na Isaka, na jioni akawa beki wa kati wa timu ya wapakiaji wa bandari kavu. Miaka mitatu baadaye alivunjika goti. Akiwa bado na plasta, aliombwa akae pembeni awaelekeze mabeki wenzake. Hakurudi tena kucheza, ila hakuuacha uwanja.

Alipohamia kwetu mwaka 1999 alikuja na kamba ya wavuvi kutoka kwao Nkome. Aliwafunga mabeki wanne viunoni, akawakimbiza pamoja. Mmoja akizubaa, wote wanayumba. Kamba ilinuka dagaa, na wao wakanuka hivyo hivyo hadi bwenini. Msimu wa 2006 tulicheza mechi tisa tukafungwa mabao mawili tu.

Lipo jambo ambalo wasifu huu hauwezi kuliruka, nami mwandishi ndiye ninayepaswa kulisema.

Mwaka 2011 tulikuwa fainali ya vyuo, sare ya bao moja kwa moja. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, beki wetu Marselino Ndaki aligongana kichwa na mshambuliaji. Aliinuka, akataka kuendelea. Mwalimu Mageni alimwuliza tunacheza na nani. Ndaki akataja timu ya wiki iliyopita.

Mimi nilikuwa kocha mkuu. Nilisema, "Mwache, tuna beki gani mwingine?"

"Chacha, kijana huyu hajui yuko wapi. Namtoa."

Alimshika mkono, akamwambia, "Twende, ng'wanone," kama baba anavyomwita mwanawe kwa Kisukuma, akatoka naye. Tukafungwa dakika ya themanini na nane.

Jioni ile niliandika taarifa kwamba Mwalimu Mageni alivuka mipaka yake na kutukosesha kombe. Aliondolewa kwenye timu. Siku mbili baadaye hospitali ilitueleza kuwa damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa cha Ndaki, na kwamba pigo jingine lingemuua. Nilijua, nikanyamaza. Niliona aibu kuifuta taarifa yangu, na aibu hiyo ikachukua miaka miwili. Muda wote huo yeye alifundisha hisabati, akanisalimu kila asubuhi, wala hakumweleza mtu upande wake.

Mwaka 2013 nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe, Mama Blessing, alinikaribisha kiti. Nilimwamkia mwenzangu shikamoo, nikashindwa kuendelea.

"Marahaba," alisema. "Mazoezi kesho saa ngapi?"

Asubuhi nilipeleka barua kwa mkuu wa chuo, nikakiri kosa langu. Jioni Mwalimu Mageni alikuwa uwanjani. Tangu hapo, mchezaji wetu akigongwa kichwa, neno la kocha wa mabeki ndilo la mwisho. Kombe hatujalipata hadi leo. Vijana wote tuliowapeleka uwanjani tumewarudisha salama.

Ijumaa iliyopita alimkabidhi kazi Mwalimu Salome Vumilia mbele ya timu nzima. Hakutoa hotuba. Alimwambia tu, "Mchezaji akianguka, mtazame yeye. Mpira una watu wengi wa kuutazama."

Mwalimu Mageni, asante kwa vijana wetu, na asante kwa kunivumilia. Nenda Nkome na Mama Blessing mkapumzike. Mungu awape afya, na miaka mingi ya kuifurahia.

Fredy Chacha
Kocha Mkuu