Bi Mwanamkisi na Wikio la Kina Rawiya

Bi Mwanamkisi Jeilani amepima majengo miaka ishirini na nane. Tarehe thelathini Juni anastaafu. Nimeambiwa niandike mimi, kwa kuwa nimembebea vyombo vyake muda mrefu kuliko wote. Mimi kibarua. Maneno ya kupamba sina.

Kazi yake ni hivi. Boriti yapakwa chokaa, kisha yatiwa madoa meusi. Juu yake twapanga magunia ya mchanga. Boriti ikipinda madoa yasogea, na kamera zaona hata kile jicho lisichokiona. Lakini kamera yaona nje tu. Nguvu iliyo ndani ya mti na ukuta yahesabiwa na kompyuta, na kompyuta yaamini chochote utakachoiambia. Bi Mwanamkisi hakutia saini mpaka hizo mbili zikubaliane. Wengi walimwona msumbufu.

Mwaka juzi tulipima wikio la Bi Rawiya, kile chumba cha juu ya ndia kinachoshika nyumba mbili. Watu na punda wapita chini yake. Ndani alikuwa Amal, bintiye, na mtoto mchanga. Arubaini yake ya uzazi haijesha. Tukamhamishia kwa jirani mchana ule tu, tupime. Bwanamkuu, mchukuzi wa punda, akakuta ndia imefungwa na boriti zina madoa.

"Bi, wikio limeshikwa na tetekuwanga?"

Bi Mwanamkisi akamjibu, "Ndiyo, na laambukiza. Zunguka na punda wako."

Kompyuta ikasema salama. Kamera ikaonyesha ukuta wa upande mmoja wasogea zaidi kuliko hesabu. Mkubwa wa kazi akasema tofauti ni ndogo, asaini tumalize. Bi Mwanamkisi akakataa. Akaenda kumwambia Bi Rawiya kwamba Amal asirudi humo.

Bi Rawiya alimkaripia mbele yetu sote. "Wamtoa mzazi ndani ya arubaini kwa ajili ya madoa? Wewe wajua nini, hukuzaa."

Kweli hakuzaa. Bi Mwanamkisi akasema, "Nitukane, lakini asilale humo."

Akarudi ukutani, akaugonga kwa mkono pole pole. Mahali pakalia patupu. Zilikuwa zidaka za zamani, matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, zimezibwa kwa lipu juu juu, ndani wazi. Kompyuta ilikuwa imeambiwa ukuta ni mzima. Akaiambia kweli. Hesabu ikaja sawa na kamera: ukuta ule ulikuwa umefika mwisho wa nguvu zake. Tukasimamisha nguzo siku ile ile. Mafundi wakajaza zidaka kwa mawe na chokaa. Tulipopima tena, hesabu na kamera zikakubaliana, akasaini, Amal akarudi chumbani kwake.

Bi Rawiya akaja ofisini na sinia ya mikate ya mofa. Akasema, "Neno lile nisamehe." Bi Mwanamkisi akamuuliza, "Mtoto hajambo?" Hawakuongeza jingine.

Mke wangu alipofariki, Bi Mwanamkisi alipanda boti akaja kijijini kwetu, Mbwajumali. Akaketi na wanawake mpaka hitima. Na yeye si jamaa yetu.

Bi Mwanamkisi, hakuna anayekwenda kushukuru kwa ukuta ambao haukuanguka. Sisi twashukuru. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, ukae kwako kwa amani.