Mama Pulchérie, Mwenye Alikataa Mutihani Yetu Ihamie Uvira

Myaka makumi tatu na moja Mama Pulchérie alifundisha. Leo, tarehe mbili ya mwezi wa saba, mwaka 2003, anarudisha funguo ya biro ya prefe, mukubwa wa shule, na anaenda kupumzika. Mi Koko Rosette, bibi kizee mupishi wa shule, njo balinituma niseme habari yake katika hii karatasi ya sherehe. Mi sikusoma, na Furaha, mujukuu wangu, anaandika vile ninasema. Balimu betu balitaka kuandika bo wenyewe, Pulchérie akakataa: "Hapana. Bale batanipaka mafuta. Rosette atasema kweli." Basi, dada, ulitaka kweli, usinune.

Alianzia kazi kule Lulimba, mwaka 1972, binti mwembamba mwenye sauti ya mwanaume. Lulimba ni inchi ya zahabu, na batoto ba klase yake balikuwa banamutoroka kwenda kuchimba mutoni. Mwalimu mwengine angeita bazazi, aseme, achoke, aache. Pulchérie alibeba kengele ya shule, akaingia na sketi yake ndani ya matope, akaipiga pale pale kati ya bachimbaji, akaanza kuita majina. Batoto bakaitika "Prezan!" kwa haya. Bachimbaji benye ndevu nabo bakaitika "Prezan!" kwa kicheko. Alibashika bote, akabafundisha hesabu ya kugawanya, juu ndiyo ile balikuwa banagombania kila jioni. Banasema hata leo, kule mutoni, ukigawanya mubaya banakuuliza kama kengele haikukufikia.

Baadaye akahamia hapa Baraka, kufundisha hesabu kwa bakubwa ba sekondari. Aliolewa na Norbert, fundi wa mitumbwi, muntu mutulivu sana, Mungu amulaze pema. Ilifaa awe mutulivu, nyumba moja haiwezi kubeba sauti mbili kama ile.

Vita ya kwanza ilipoingia, nusu ya muji ilivuka ziwa kwenda kambini Kigoma. Vita ya pili ikavusha prefe na balimu karibu bote. Mabanki ya klase, vile viti virefu vya batoto, yalichomwa na benye bunduki kupikia chakula chao. Tablo moja, ubao ya kuandikia, ilipona juu Pulchérie aliizika ndani ya shamba ya muhogo, akapandia juu yake. Tukarudi kusoma. Batoto banakaa juu ya matofali, balimu ni batatu, na yeye ndiye prefe bila muntu kumuteua. Kiti ya prefe ilikuwa na miguu mitatu. Alisema inafaa, mutawala asikae akajisahau.

Sasa nafika kwa mashini.

Mwaka 2000 mwishoni, shirika moja ilituletea ordinatere moja, ile mashini ya kompyuta, batri, na pano ya kuvuta jua. Balimu ba kemia na biolojia hatukuwa nao tena, na mwalimu hawezi kufika kwa barabara ile. Njo bakaunganisha ordinatere na foni ya parokia, ile redio ya kuitana na bale ba mbali. Masomo inakuja toka Uvira kwa Profesa Jacques, batoto banaandika majibu ndani ya mashini, yanarudi Uvira, Jacques anasahihisha, anatuma tena. Mi nilisema ni uongo mupaka nilipoona jina ya mutoto wa jirani inarudi na alama yake.

Mwanzo ilituchekesha. Siku kumi mashini haikuwaka hata kidogo. Uvira banasema ni batri, shirika inasema ni waya, katekista anasema ni pepo. Pulchérie akazunguka nyuma ya klase, akakuta Mama Siti, jirani yetu, ametandaza ndagala juu ya pano, imekauka vizuri, inanukia.

"Siti! Unaanika samaki juu ya masomo ya batoto?"

"Mama Prefe, kitu iko safi, iko na moto, imelala juani haina kazi. Mi nijue aje kama nayo inakula jua?"

Pulchérie alikusanya ndagala yote ndani ya kitambaa, akanipa jikoni: "Pika. Hii imesoma kuliko finalisti."

Finalisti, kwa benye hawajui, ni bale ba mwaka ya mwisho, benye banafanya mutihani ya diplome. Na hapo njo penye maneno yangu yote inaelekea. Mutihani inafanyiwa kwa sentre, kituo ya mutihani. Sentre yetu iko hapa Baraka. Ikifungwa, batoto banapaswa kwenda kufanyia Uvira, siku nyingi, barabara yenye vizuizi kila kilima. Kijana anakamatwa abebe masanduku ya risasi. Binti, sitasema, kila mama hapa anajua. Kwa hiyo mama mwenye akili angesema: mutoto wangu, diplome iache, ubaki muzima. Sentre ikihama, shule yetu imekufa, hata kama kengele inalia.

Ile mwaka ya kwanza ya mashini, alama toka Uvira zilikuwa tamu kama miwa. Jacques alituma kusema Baraka inashinda shule zote anazofundisha. Pulchérie akabaambia bazazi kanisani, na mara ya kwanza tangu kufa kwa Norbert nilimuona anavaa kitenge kipya. Mutihani ikafika, mutihani ya karatasi na biki. Matokeo ikaja kwa foni. Balipita batoto bane. Bane, ndani ya klase nzima! Mbele mashini haijafika, na matofali yetu na tablo yenye udongo, nusu balikuwa banapita.

Muji ikachafuka. Zuberi muvuvi, mwenye mutoto wake Sadiki alianguka, akakuja mupaka biro na mikono inanuka samaki.

"Mama Prefe, nipe hii kitu yako niipeleke ziwani. Itafaa kuwa nanga."

"Zuberi, nanga unayo. Nipe muda."

"Muda ya nini? Inakula jua, inakula akili, inatapika alama ya uongo!"

Na inspekteri wa shule kule Uvira naye akasema kwa foni, bila hata kusalimia: mwaka moja tena kama hii, sentre ya Baraka inafungwa, finalisti batakuja Uvira. Pulchérie aliweka ile kitu ya foni chini, akakaa. Nilimuletea chai. Haikuguswa. Nilimuambia, "Kunywa, hata mufu banamuwekea maji." Akaniangalia kama mi ni ukuta.

Masomo ilipoanza tena, hakupigia muntu kelele. Sadiki na benzake benye balianguka balikuwa bamerudi kuanza tena mwaka. Pulchérie akaingia nyuma ya chumba ya mashini, akakaa juu ya tofali, akanyamaza saa nzima. Mi nilijua hapo kama ni hatari. Alichoona ni hiki. Arlette, binti wa karani mupiga mashini ya kuandika kule Fizi, alikuwa amepita, lakini bado anakuja kusaidia. Vidole vyake vinakimbia kama mvua juu ya bati. Benzake bamemuzunguka, banamuhesabia majina: sasa andika ya Sadiki, sasa ya Nicolas, sasa ya Immaculée. Majibu yote ya Arlette, majina ya klase nzima. Na vile ilikuwa mwaka muzima.

"Nani alibafundisha hii?" Pulchérie akauliza.

Arlette akaondoa vidole. Sadiki akasimama, kijana wa ziwa, haogopi maji wala muntu. "Mama Prefe, si ni kama mutumbwi? Moja mwenye anajua anashika moteri. Bengine banakaa vizuri, bananyamaza. Bote banafika."

Pulchérie alicheka. Alicheka mupaka akashika ukuta, machozi inatoka, na batoto nabo bakacheka kwa woga. Kisha akafuta macho.

"Sadiki mutoto wangu. Kwa mutihani hakuna mutumbwi. Kila muntu anaogelea."

Jioni aliniambia jikoni: hakuna hata moja alitaka kuiba. Tumebalea sisi wenyewe vile. Hapa kwetu mutoto mwenye heshima hanyang'anyi moteri kwa mwenye anajua. Ile shirika ilituletea mashini moja kwa klase nzima, na haikujua kama batoto betu banapanda kila kitu kama mutumbwi. Halafu akasema, "Na mi mwenyewe, Rosette, ningepanda vilevile."

Hapo akaleta sheria yake, ile balimu bengine balicheka. Hakuna mutoto kugusa mashini kama hajaenda kwanza jikoni kwa mama mwenye hakusoma, amuelezee somo mupaka mama aseme nimesikia. Mama akikataa, mutoto anarudi nyuma ya mustari. Bamama ba kukataa tulikuwa batano, mi na Siti ndani. Kukataa tulijua sana.

Sadiki alikuja na somo ya chumvi na maji. Akasimama kama pasta, akaanza na maneno marefu ya ndani ya mashini.

"Toka hapa," nikamuambia. "Unanimwangia kifaransa, mi sina beseni."

Akarudi mara ya pili, nikamufukuza. Mara ya tatu akakuja na kasirani, akashika samaki yangu ya chumvi, akaitingisha mbele ya pua yangu. "Koko, angalia! Samaki ilikuwa na maji ndani. Chumvi iko inje, mingi. Maji inafuata penye chumvi iko mingi, inatoka polepole, samaki inakauka. Mududu naye akija, maji yake inatoka vilevile, anakufa. Njo maana haiozi!"

Myaka makumi tano natia samaki chumvi, sikuuliza hata siku moja sababu. Nikamuambia nimesikia. Alikimbia kwenda kwa mashini kama mwenye banamuitia chakula, akaandika na kidole moja, herufi kwa herufi, kama kuku anadonoa.

Arlette alikatazwa kugusa. Alilia siku mbili. Kisha akaanza kushika bale tuliofukuza, anabaketisha kando ya kuni, anabarudilia somo polepole. Akaona anajua kufundisha. Leo anafundisha na sisi hapa, na sauti yake imeanza kufanana na ya muntu fulani.

Kazi ikaenda pole sana. Batri inakufa mbele batoto bote hawajamaliza. Alama toka Uvira zikaanguka. Jacques akaita kwa foni, na sisi bote tunasikia: "Mama Prefe, kuna nini huko? Mwaka jana mulikuwa bamalaika, mwaka huu mumekuwa mbuzi!"

"Mwaka jana ilikuwa Arlette," Pulchérie akamujibu. "Mwaka huu ni sisi."

Jacques alielewa. Tangu siku ile alianza kutuma maelezo fupi, na akaomba kila mutoto aandike pia kitu gani mama alikataa. Namushukuru, hata kama sijamuona uso.

Halafu, miezi miwili mbele ya mutihani ya 2002, benye bunduki bakapita. Balichukua pano, batri, na mbuzi ya Siti. Ordinatere ikabaki kimya kama jiwe. Niliona Zuberi mulangoni mwa biro, nikasema leo atamutukana. Akasema tu, "Mama Prefe, sasa tufanye nini?" Muntu mwenye alitaka kuitupa ziwani, sasa anaililia!

Pulchérie akamuambia: "Jikoni haijachukuliwa." Bakaendelea vile. Kila jioni, majiko matano ya Baraka, batoto banaelezea bamama, bamama banakataa.

Mutihani ikafanyika. Matokeo ikaja usiku kwa foni ya parokia, sauti inakatika, jina kwa jina. Zuberi alikuwa amesimama hapo na kofia mukononi. Jina ya Sadiki ikatoka. Zuberi alitoka inje, akatembea mupaka ukingo ya maji, tukamusikia kule anapiga kelele peke yake. Poda ya kubamwangia bashindi kichwani, vile desturi yetu, haikutosha, tukachukua unga ya muhogo. Asubuyi Baraka nzima ilikuwa na vichwa vyeupe. Balipita karibu bote. Sentre ikabaki.

Batu banakuja sasa kuniuliza, koko, mashini inasaidia shule ama inaharibu? Ninajibu vile nimeona. Bila ile mashini, hakuna mwalimu angetufundisha mambo ya chumvi, Uvira ilikuwa mbali kama mwezi. Na kwa ile mashini bila Pulchérie, batoto makumi balipewa alama, hawakupewa akili. Banasema simu za kubeba zitafika hapa, na mashini nyingi, kila mutoto na yake. Zikuje. Lakini bale batakaozileta, bakae kwanza nyuma ya chumba, juu ya tofali, banyamaze saa nzima, baangalie batoto banafanya nini.

Na mbele nimalize, mutasikia kasoro zake, juu alitaka kweli. Hajui kupika. Hajui kushindwa kwa igisoro, ule muchezo ya bao, anatupa mbegu. Anaimba kwaya kwa nguvu mupaka pasta anasahau mustari. Na siku ya kutoka kazini hakutaka ifike mbele ya mutihani ya mwaka huu kuisha, njo maana tunamuaga leo.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya karatasi. Balikuja batoto ba hapa, na ba Lulimba benye balitembea mbali, na hata batatu toka Bibokoboko, ba kule mulimani, benye myaka ile yote ya vita tulibaona badui, hatukubasalimia. Hao batatu balilala kwa Pulchérie, na muntu asiseme neno. Nilimuona amesimama mulangoni anapokea karatasi ya mwisho, na anahesabu vichwa vinavyotoka.

Dada Pulchérie, asante. Lala mupaka jua iwe juu, kula vitu vya kupikiwa na bengine, na Mungu akuzeeshe na meno yako yote. Jana jioni nilikuwa jikoni kwangu, moshi machoni. Furaha, naye finalisti mwaka huu, alirudi toka kwa mutihani, akatupa viatu, akasema, "Koko, nina njaa." Nikamupakulia.