Chupa Tatu Zilizofanana

Wapendwa, leo sikusimama na kwaya. Mnaona joho langu liko pale kwenye kiti. Ile Jumapili ya sikukuu, wimbo ulipokosa mtu wa kuuanzisha mkageuka kunitafuta, kuna waliosema nimevuka mpaka kufuata mchumba Bukavu. Mnacheka, lakini mlisema! Nilikuwa mtoni, huu mto wetu mdogo wa hapa chini. Nimekuja kuwaambia kwa nini, na itabidi nianze na uongo wangu.

Mnanijua. Nililelewa ng'ambo, tukarudi, nikasoma mpaka tronc commun, ile miaka mitatu ya mwanzo ya sekondari, masomo yakaishia hapo. Ndoto hazikuishia hapo. Basi alipokuja madame mmoja, mpimaji wa maji, akitafuta kijana anayeujua mto, niliruka. Alivaa bluzi nyeupe, lile koti la watu wa maabara. Usiku huo niliota nimeivaa mimi, mifuko imejaa kalamu.

Kazi yenyewe ilikuwa kujua mto umeumia kiasi gani tangu kiwanda cha ngozi kianze kumwaga maji yake humo. Jina la kiwanda sitalitaja, sikuja kwa ajili hiyo. Kila juma nichote chupa tatu: moja juu ya kiwanda, moja kwenye bomba lao, moja chini kwenye mashamba ya lengalenga, mchicha wetu wa huku. Madame alinifundisha kuisuuza chupa mara tatu kwa maji ya pale pale ninapochota, kisha niielekeze mdomo kule mto unakotoka. Niandike saa, rangi na harufu.

"Na sheria ni moja," aliniambia. "Usiandike kitu ambacho hukukiona."

Juma la kwanza nilifika hadi bombani. Mlinzi akatoka na mbwa.

"Weye mutoto, maji ni ya Mungu, unaipima sababu gani? Ukirudia hapa, nitaachilia huyu mbwa kamba."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikimbia nikapoteza kiatu kimoja. Nilipofika juu, kwenye chemchemi, nikakaa nikalia. Kisha nikawaza: nikirudi na chupa tupu, madame atatafuta mwingine, na bluzi yangu nyeupe imekwisha. Nikajaza chupa zote tatu pale pale kwenye chemchemi. Nikaandika: maji safi, hayana harufu.

Juma la pili nilifanya hivyo hivyo. La tatu sikuona hata aibu.

Madame alipoletewa majibu ya maabara alikunja uso. "Zinafanana kama mapacha watatu," alisema, akaniangalia. Mimi nikaangalia glasiere, lile sanduku la baridi la kubebea chupa. Akaniambia Jumatatu ijayo kuna mkutano na wakubwa, majibu hayo yatasomwa, na kama mto ni mzima kazi itafungwa.

Sasa kuna maman mmoja, wengi mnamjua, analima lengalenga kando ya mto na kuzipeleka Bukavu asubuhi. Alikuwa anavaa buti za mpira akiingia majini. Aliposikia, tangu juma la kwanza, kwamba maji ni safi, akazivua. Alisema, "Kama ni mutoto wetu alipima, mi naamini."

Jumatano tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya akaingia akichechemea. Akafungua kitenge alichozungushia miguu. Ngozi ilikuwa imebabuka kati ya vidole, nyekundu.

"Muniombee," alisema. "Sijui ni shetani gani iko inakula miguu yangu. Maji si iko safi?"

Mwalimu wa kwaya akanigeukia: "Anzisha wimbo wa maombi."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Wapendwa, nimeimba nikiwa na malaria, nimeimba siku tulipomzika bibi yangu. Siku ile nilishindwa. Nikamshika yule maman mkono, nikamtoa nje, nikamwambia yote.

Alifunga tena kitenge miguuni. Kisha: "Basi ni weye ulinivulisha buti."

"Ni mimi, maman," nikajibu.

"Twende kwa madame yako. Sasa hivi."

Madame hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifuta kurasa tatu za daftari kwa mstari mmoja mwekundu, akasema, "Kwa hiyo sina kitu." Kesho yake akaja mwenyewe, tukachota pamoja, mlinzi akitutazama kwa mbali. Akachovya kipimo chake. Bombani palikuwa pakavu, na chini maji yalikuwa karibu ya kawaida. Nimekiri bure?

Yule maman alikuwa ameketi kwenye jiwe. Akauliza, "Munakujaka siku gani?"

"Siku za kazi," madame akajibu.

"Njo maana. Lengalenga ya Juma-pili, ile ya kukata jioni, iko inanuka mayai ya kuoza. Banunuzi ba Bukavu banarudishaka. Siku ya Mungu batu bote beko ku kanisa. Nani ataona?"

Ilibaki Jumapili moja kabla ya mkutano. Ndiyo ile ya sikukuu yetu.

Madame alikuwa na safari ya lazima Kigali. Akaniachia chupa, glavu na kipimo. Akasema, "Safari hii sitaweza kujua kama unanidanganya."

Tulishuka wawili, mimi na maman, yeye na buti zake. Tukajificha kwenye matete. Nikasikia kengele yetu, nikasikia mkitoa maombi ya kufungua. Halafu kimya. Mlikuwa mnaningoja. Bomba likakohoa, likatapika maji ya buluu yenye povu, na ile harufu ikanipanda puani mpaka macho yakalia.

Nikatoka kwenye matete. Nikasuuza chupa mara ya kwanza, ya pili, ndipo mbwa akabweka.

"Nilikuambiaka nini?" Mlinzi alikuwa juu yetu, kamba mkononi.

Maman akasimama kati yetu. "Achilia, papa. Aanze na mimi, miguu tayari imeliwa." Akavua buti moja, akamwonyesha. "Na weye, batoto bako banaogaka wapi?"

Mlinzi aliangalia ule mguu. Aliangalia muda mrefu kiasi kwamba nikamaliza kusuuza mara ya tatu na kujaza. Kisha akakaa chini, akaivuta kamba karibu.

"Andika saa," akasema taratibu. "Kule ndani balifungua maji saa tatu juste, saa kamili."

Nilitamani kuandika saa tatu. Lakini mimi niliyaona maji saa tatu na dakika ishirini, basi nikaandika hiyo. Na kule mlimani mkaanza kuimba bila mimi, mkiwa mmekosea ufunguo, juu mno, nikacheka nikilia.

Mkutanoni madame alinitaka niseme kwanza habari za chupa za uongo. Mtu wa kiwanda akacheka: "Mwongo wa jana ndiye shahidi wa leo?" Nikamjibu, "Ndiyo, papa. Ndiyo maana nakuomba usiniamini. Tuma watu wako Jumapili." Walitumwa watu, si wake, wa serikali, Jumapili ambayo kiwanda hakikutajiwa. Chupa zao na zangu zikasema neno moja. Bomba limefungwa mpaka wajenge bwawa la kusafishia.

Mto haujapona. Madame anasema sumu imekaa kwenye tope, visamaki bado havijarudi. Bluzi nyeupe sikupewa. Naosha chupa, na kila ninachoandika mtu mwingine anakihakiki. Ni haki yake.

Asante kwa madame aliyenipa chupa mara ya pili. Asante kwa papa aliyeshika kamba; anajijua, na leo yuko kiti cha nyuma. Asante kwako maman, miguu yako ilisema nilipokuwa bubu. Nilichojifunza ni kidogo: mtu akivua buti zake kwa sababu anakuamini, neno lako tayari liko kwenye ngozi yake.

Jumapili zijazo bado tunapima. Msiponiona kwenye kwaya, msinitafute Bukavu. Imbeni kwa nguvu. Kule chini kunasikika.